Ng'ombe wa Nne na Jiko Lisilo na Moshi

Bwana asifiwe, wapendwa! Na asifiwe mara ya pili kwa ajili ya wale mlioitika kwa sauti ndogo!

Mimi ni Baba Yohana wa hapa Endasak. Wengi mnanijua, na asiyenijua ameshakula maharage yaliyopita mikononi mwangu. Shule niliacha darasa la nne, ndugu zangu, lakini serikali iliporuhusu kila mtu afanye biashara, sikungoja kuitwa. Nilianza na baiskeli moja, nikinunua mahindi Masakta gunia moja moja. Baiskeli ikazaa pikipiki, pikipiki ikazaa gari. Ng'ombe wangu wakawa wanachungwa kule Basotu, ziwani. Sijisifu, nasema yaliyokuwepo.

Basi Manyara ikawa mkoa, watumishi wakaletwa kutoka kila upande, na mimi nikaanza kualikwa kwenye nyumba zao kule Babati. Huko nikaona jambo. Majiko yao yako ndani ya nyumba! Sakafu inang'aa, sinki lina bomba, mama anapika amevaa viatu. Nikarudi nyumbani nikatazama jiko la mke wangu, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, mafiga matatu, kuta nyeusi kama lami. Nikaona aibu. Nikasema, Mama Yohana atapika kama mke wa mkuu wa wilaya.

Tukakaa kupanga bajeti. Mimi bajeti yangu haikai kwenye karatasi, inakaa zizini. Nikatenga ng'ombe wanne. Wa kwanza ni saruji, mchanga na mabati. Wa pili ni fundi na vibarua wake. Wa tatu ni marumaru, sinki na dari. Wa nne ni bomba la moshi, matundu ya hewa, madirisha ya kufunguka na mlango wa pili wa kutokea uani. Mke wangu alikubali, fundi akakubali. Huyo fundi ni ndugu yetu Tluway, muumini wa kanisa hili hili.

Ndugu zangu, kazi ilienda vizuri hadi kwa ng'ombe wa tatu. Hapo ndipo shetani alipokaa na mimi. Nikawaza, jiko kama hili litafunguliwaje kimya kimya? Lazima mchungaji aje, wazee waje, walimu waje, watu wapate kula, washibe, waseme kweli huyu ameinuka. Na watu watakula nini? Nikamtazama ng'ombe wa nne.

Fundi Tluway akaniuliza, "Baba Yohana, mbona bomba la moshi tumeliruka?"

Nikamwambia, "Jiko hili ni la mkaa. Kuni haziingii humu. Mkaa una moshi?"

"Moshi hauna, lakini..."

"Basi umeshajijibu. Wewe piga lipu."

Madirisha nikaweka vioo vya rangi visivyofunguka, vizuri kama vya kanisani. Mlango wa uani nikaufuta. Mke wangu naye akanijia, akaniambia kwa upole, "Baba Yohana, ndani humo nitakaa mimi. Niachie hata dirisha moja."

Nikamcheka. "Baridi hii ya mlimani, unataka upepo? Mimi nakujengea raha, wewe unaomba mafua!"

Akanyamaza. Wapendwa, alinyamaza kwa sababu ya heshima, na mimi nikadhani amekubali.

Ikafika Jumamosi ya kubariki jiko. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani, baridi inauma masikio. Ng'ombe wa nne alichinjwa alfajiri. Mke wangu na mdogo wake, shemeji Elizabeti, wakaingia ndani na majiko matatu ya mkaa na masufuria makubwa. Mimi nikafunga utepe mwekundu mlangoni, upande wa sebuleni. Kisha, ili mgeni yeyote asichungulie kabla ya wakati, nikafunga mlango kwa ufunguo. Ufunguo nikautia mfukoni mwa koti.

Sikilizeni hapo! Mlango mmoja, na nimeufunga mimi. Dirisha halifunguki, na nimelizuia mimi. Chini ya mlango nako niliziba kwa gunia, harufu isiwafikie wageni.

Wageni wakajaa sebuleni. Mchungaji akaomba, akanipa nafasi niseme neno fupi. Ndugu zangu, mimi na neno fupi! Nikaanza na baiskeli. Nikaenda hadi Masakta, nikarudi. Nyuma ya mlango akina mama walikuwa wakiimba pambio, wamechangamka. Nilipofika kwenye pikipiki, nikasikia sauti ya Elizabeti imekoma, anaimba mke wangu peke yake. Nilipofika kwenye gari, kukawa kimya.

Nilisikia! Siwadanganyi, nilisikia ule ukimya kwa masikio yangu. Nikafikiri wamenyamaza ili wanisikilize mimi. Nikaongeza sauti!

Fundi Tluway akasimama kule nyuma. Mtu mpole yule, hajawahi kumkatiza mtu. Akasema, "Baba Yohana, fungua mlango."

Nikamwambia, "Kaa chini, ndugu yangu, sijamaliza."

"Fungua mlango!" akapiga kelele. "Wameacha kuimba!"

Hapo ndipo hotuba yangu ilipokatika. Nikatoa ufunguo, tundu silioni. Nikafungua, nikasukuma. Mlango ukasogea kidogo ukagoma. Kuna kitu kizito nyuma yake. Nikaita, "Mama Yohana! Mama Yohana!" Hakuna. Nikasukuma kwa bega, nikasikia mtu anakoroma sakafuni, kwenye mlango pale pale. Ningesukuma zaidi ningemvunja mbavu.

Tluway alikuwa ameshatoka nje mbio. Nikasikia kioo kinavunjika, kimoja, cha pili. Akaingia dirishani, mikono inavuja damu, akamvuta Elizabeti pembeni, mlango ukafunguka.

Wapendwa, humo ndani hamkuwa na moshi hata kidogo! Marumaru zinang'aa. Nyama inachemka. Kila kitu kisafi kama nilivyotaka. Na mke wangu amelala chini ya sinki, mwiko mkononi.

Tukawabeba hadi nje, tukawalaza kwenye majani. Elizabeti akatapika, akaanza kulia, akaitwa jina akaitika. Mke wangu kimya. Kulikuwa na muuguzi mmoja kati ya wageni, dada aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Akafukuza watu, "Ondokeni juu yake, apate hewa! Mpandisheni garini!"

Nikaendesha mwenyewe kwenda hospitali. Nyuma mchungaji anaomba, muuguzi anamwita mke wangu jina lake kwa sauti kubwa. Mimi mwanamume mwenye maneno mengi kuliko wote hapa, nilitafuta neno la kumwambia Mungu nikakosa. Kila nililoanza nalo lilianza na "mimi". Mimi nimejenga, mimi nimetoa sadaka, mimi nimechinja. Nikayatupa yote. Nikasema tu, "Bwana, ana pumzi ndogo. Usiichukue."

Hospitali wakamwekea hewa ya mtungi. Nikakaa kwenye benchi, utepe ule wa mlangoni, ulioninasa nilipokuwa nasukuma, ungali umening'inia kwenye kifungo cha koti. Jua lilipokuwa linashuka, muuguzi akanipungia mkono niingie. Mke wangu alikuwa amefumbua macho. Akaniuliza neno moja tu:

"Ulikuwa wapi?"

Nikamjibu, "Nyuma ya mlango. Nilikuwa nahutubia."

Akageuka ukutani akalia, nami nikapiga magoti kwenye saruji ya hospitali, mbele ya wagonjwa, nikatubu. Kwa Mungu kwanza, kisha kwake. Siku ile mke wangu alipona sumu ya mkaa, ile hewa mbaya isiyo na moshi wala harufu, na mimi nikafunguliwa ugonjwa nilioishi nao tangu ile baiskeli, wa kusikia sauti yangu tu.

Tulipanga upya. Safari hii alisema yeye, mimi nikawa natikisa kichwa. Akaanza na hewa. Bomba la moshi, madirisha mawili ya kufunguka, mlango wa uani. Dari tuliing'oa ili bomba lipite, na mpya akasema ingoje. Imengoja mpaka leo, ukija kwangu utaona mabati, na sioni haya.

Ndugu yangu uliyeinuka kwa jasho lako, najua unavyojisikia, maana hakuna aliyejisikia kama mimi! Nenda nyumbani leo umuulize mwenzako ni nini alikuomba akanyamaza. Kisha njoo kwa Yesu bila hotuba. Alinipokea nikiwa na sentensi moja ya hofu, atakupokea na wewe. Njoo mbele, nitapiga magoti kando yako.

Mama Yohana yuko hai! Yuko benchi la tatu, upande wa akina mama, na asubuhi ya leo ameimba. Bwana apewe sifa zote, na watu wake waseme amina!