Kurudi kwa Ubao wa Dunmarrow

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Leland Kubik, msimamizi wa barabara wa kaunti yetu; viongozi wa mji; majirani, na wasafiri mliosimamisha magari yenu:

KARIBU

Sisi wakazi wa Dunmarrow, Nebraska, watu mia tatu na kumi na wawili, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu katika Jumamosi ya Gereji, siku ambayo kila nyumba huuza vitu vyake vya zamani kwenye gereji yake. Kahawa na kolache, maandazi yenye plamu ndani, viko katika ukumbi wa zimamoto. Ukiona kitu unachokipenda, tafadhali usikionyeshee uso wa furaha. Bei itapanda.

HISTORIA

Siku hii ilianza miaka thelathini na minne iliyopita. Mvua ya mawe ilitoboa mapaa yetu, na kila nyumba ikatoa vitu nje vikauke. Wapita njia wakadhani vinauzwa. Hatukuwakatalia.

MAFANIKIO

Katika mji wetu hakuna kinachotupwa. Baiskeli ya mazoezi ya Bwana Orrin Tvedt imekaa katika nyumba kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuiendesha. Mwaka huu Orrin ameinunua tena, na anasema hajawahi kupata kitu kizuri kwa bei ile.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, miaka sita iliyopita ubao wenye jina la mji wetu uliondolewa kando ya barabara kuu ili upakwe rangi upya. Kazi alipewa Mama Verla Hruska. Aliupaka vizuri, ukakauka. Jumamosi ya Gereji ilipofika, meza hazikutosha. Akaulaza kifudifudi juu ya mapipa mawili, akapanga vikombe. Adhuhuri akaja mama mmoja mgeni.

"Mama, na meza je?"

"Ipi?"

"Hii ya chini ya vikombe."

"Mwanangu, hapa leo kinauzwa kila kitu isipokuwa mume wangu. Na yeye ukinibembeleza tutaelewana."

Meza ikaondoka. Kesho yake, kanisani, katikati ya wimbo, Verla akakumbuka upande wa chini uliandikwa nini.

Tangu hapo magari hutupita bila kujua kwamba tupo. Ofisi yako ilitutaka tueleze kwa maandishi ubao ulikokwenda, ndipo tupewe mwingine. Hatukuandika. Maelezo yale yangekuwa na jina la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekwisha kufunga gereji yake kwa aibu.

USHINDI

Jumamosi iliyopita Orrin alikwenda mji wa makao makuu ya kaunti, kwenye gereji ya nyumba yenye mlango wa buluu. Miwani ikamdondoka. Akainama chini ya meza ya sahani, akabaki huko huko.

"Baba, kiuno kimekukamata?" akauliza mwenye nyumba.

"Hapana, Bibi. Ninasoma."

Alipotoka chini aliulizia meza.

"Hiyo? Mume wangu aliinunua mwaka juzi, gerejini kwa watu. Chukua tu, ila ngoja nitoe sahani."

Mgeni rasmi, nyumba hiyo ni yako. Tunamshukuru sana mkeo. Wewe hatukulaumu, mtu mwenye shughuli nyingi hainami chini ya meza yake. Maelezo kwa maandishi ambayo ofisi yako iliyataka ndiyo haya.

MAOMBI

Tunaomba nguzo mbili imara, na mafundi wako wauinue ubao wetu kabla jua la leo halijazama. Tunaomba pia jalada la suala hili lifungwe.

HITIMISHO

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na barabara zako zisipate mashimo. Ubao uko nyuma yako, chini ya shuka. Ukiufunua utaona rangi haijachubuka hata kidogo; vikombe na sahani za kaunti nzima vilikaa upande wa pili.

Kisha karibu katika gereji ya Verla, iliyofunguliwa leo asubuhi kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Kila kitu kinauzwa, isipokuwa meza.

Ni sisi,
Wakazi wa Dunmarrow.

Imesomwa kwa niaba yao, kwa hiari yake mwenyewe, na Verla Hruska.