Évariste Bulonza, Seremala Aliyeomba Kupimwa Hasira

Ndugu, majirani na rafiki wote mliopanda mlima wa Kadutu leo Jumapili, tarehe 11 Februari 1996, familia imemwomba Philémon, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya Papa Évariste Bulonza kama mwenyewe alivyotaka yasomwe, maana marehemu alimwambia mke wake mbele ya padri kwamba siku hii ikifika ugonjwa wake, hasira, utajwe kwa jina lake.

Papa Évariste alizaliwa Nyangezi tarehe 19 Oktoba 1938, mtoto wa pili wa Muzee Constantin na Maman Agnès. Muzee Constantin alikuwa mkulima hodari, lakini wazee wa Nyangezi walio hapa wanakumbuka jinsi watoto wake walivyokuwa wakitawanyika mashambani waliposikia kikohozi chake njiani, na Évariste, ambaye hakuwa mwepesi wa mbio, ndiye aliyebaki mikononi mwake mara nyingi.

Alisoma shule ya msingi kwa mapadri palepale Nyangezi, kisha miaka mitatu ya useremala, akapata cheti chake mwezi Juni 1956, na mwaka uliofuata akashuka Bukavu kufanya kazi katika karakana ya Mzungu mmoja. Huko alitengeneza viti, milango na vitanda ambavyo wengi wenu bado mnavilalia, mpaka mwanzoni mwa 1974, karakana iliponyang'anywa Mzungu kwa amri ya serikali ikapewa mwenyeji asiyejua kushika randa, nayo ikafungwa kabla mwaka haujaisha. Papa Évariste, ambaye siku hizo kwenye karatasi za serikali aliitwa Bulonza Cishugi kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, alianza kazi yake mwenyewe uani.

Alifunga ndoa takatifu na Maman Adolphine tarehe 8 Julai 1961, Mungu akawajalia watoto watano, wa kwanza Grégoire, wa tatu Colombe. Ilikuwa nyumba ya sala na ya kazi, lakini ilikuwa pia nyumba ambamo Maman Adolphine alijifunza kusikiliza jinsi mlango unavyofunguliwa, na kwa sauti ya kitasa peke yake akajua kama watoto wale mezani au wapelekwe kwa jirani. Ndugu walikaa vikao, padri alimshauri, mara mbili aliahidi kwa magoti, na kila mara wiki chache zikapita kisha kitasa kikalia tena vilevile.

Tarehe 14 Machi 1978, saa kumi za jioni, Colombe, mwenye miaka tisa, alimwaga gundi juu ya mbao zilizokwisha kupigwa randa, na baba yake akamrushia patasi. Mpini ulimpiga sikioni. Papa Évariste alimbeba mwenyewe hadi hospitali, akamwambia daktari kilichotokea bila kugeuza neno, na tangu siku hiyo Colombe hasikii kwa sikio la kushoto.

Ndipo alipofanya jambo ambalo watu wengi wa mji huu walilicheka. Aliomba kupimwa. Hakuulizia dawa ya mtoto peke yake, aliuliza kama kuna mganga wa hasira, na daktari yule akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya wagonjwa wa akili upande wa pili wa mto Ruzizi, Rwanda, ambako alilazwa kwa hiari yake kuanzia tarehe 3 Julai hadi tarehe 18 Agosti 1978. Majirani walisema Bulonza amepata wazimu, na wateja wawili walikuja kuchukua mbao zao.

Huko alipokelewa na daktari Adalbert, ambaye siku ya kwanza hakumuuliza habari za patasi.

"Ukiingia nyumbani, watoto wanafanya nini?"

"Wananyamaza, docteur," Papa Évariste alijibu, na alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipomwona baba yake, Muzee Constantin, ameketi pale ndani ya nguo za Évariste.

Alirudi na vidonge vya kumeza asubuhi, na mafundisho ya kutambua dalili za hasira, yaani mikono kupoa na sauti za watu kwenda mbali, na ya kutoka nje kabla ya kujibu. Mwaka 1984 askari walipochukua mbao zake zote, alitoka akatembea kwa miguu mpaka Nyangezi, akarudi kesho yake miguu imevimba, na hakuna aliyeguswa. Hakusema kwamba amepona. Alisema amefungiwa chumba kimoja pamoja na hasira yake, na ufunguo anao yeye.

Aprili 1994 njia ya Rwanda, alikokuwa akichukua dawa, ilifungwa kwa vita, habari za daktari Adalbert hazijapatikana tena hadi leo, na kwa miezi mitano Papa Évariste alikaa bila dawa, akilala karakanani na kufungia patasi zake kwa Philémon, hadi kilipofunguliwa kituo cha magonjwa ya akili hapa mjini.

Jumatano iliyopita, tarehe 7 Februari, Delphine, mke wa Grégoire, alifika kutoka Bagira na watoto wawili na mkono uliovunjika. Papa Évariste alivaa koti, akaenda kituoni, akarudi na karatasi ya kwenda kupimwa yenye majina mawili, lake na la mwanawe. Alhamisi alipanda Bagira kwa mwanawe.

"Siko mwenda wazimu kama weye, Papa," Grégoire alimwambia mlangoni.

"Miye vilevile nilisema hivyo, mpaka siku Colombe aliacha kunisikia upande moja."

Mlango ulifungwa. Ijumaa asubuhi alilalamika kichwa, akaanguka uani, akafa hospitalini saa nane za mchana. Madaktari wamesema ni mshipa wa kichwa uliopasuka kwa ajili ya shinikizo la damu la siku nyingi, hakuna aliyemsukuma, na familia inaomba asiwepo wa kuongeza lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani walioleta kuni, maji na viti, maseremala wenzake waliotengeneza jeneza hili bila kulala, na hata wale waliomcheka zamani kisha wakaja kumuuliza kwa siri njia ya hospitali.

Grégoire yuko hapa, amesimama nyuma, karibu na barabara. Karatasi ni ya kesho Jumatatu, saa mbili asubuhi, na jina lake bado limeandikwa, Philémon atamngoja mbele ya kituo. Hadi tunaposoma maneno haya, hajatujibu, na Delphine na watoto hawatarudi Bagira.

Papa Évariste, wewe umemaliza zamu yako, pumzika kwa amani.