Mama Majani na Chumba cha Binti Yake

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Majani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, kifungua mimba wa baba fundi seremala na mama mshonaji. Alisoma hadi kidato cha nne. Shuleni alijulikana kwa kicheko. Akianza yeye, darasa zima limekwisha.

Mwaka 1983 aliajiriwa hotelini, mapokezi. Kiyoyozi cha pale kilikausha mimea ya ukumbini hadi ncha za majani zikawa kama zimeungua. Dada akaisogeza mimea ikae pamoja, akaweka vyungu juu ya sinia zenye kokoto na maji, nayo ikachangamka. Meneja akamtania, "Wageni unawaacha wamesimama, majani ndiyo unayakaribisha!" Jina la Mama Majani likamganda.

Juni 1990 aliolewa na shemeji yetu, fundi umeme. Walijaliwa binti mmoja, aliyerithi mapenzi yale yale na kukijaza chumba chake mimea. Binti huyo alifariki kwa ajali ya barabarani Agosti 2017.

Tangu hapo dada alihamia chumba kile. Alifunga madirisha ili hewa isikauke, akaweka mabeseni ya maji kila kona na kutundika mataulo yaliyolowa. Majani yalinawiri, na kuta zikaota kuvu nyeusi. Kikohozi kikaanza. Daktari hakumficha: hewa ya chumba kile ilikuwa inamharibu mapafu. Shemeji akamsihi, "Mke wangu, fungua dirisha, nakuomba."

"Nikifungua yatakauka," alijibu. "Nitakuwa nimempoteza mara ya pili."



Januari 2024 alilazwa, akipumua kwa msaada wa oksijeni. Shemeji akaihamishia mimea barazani, penye kivuli, akaimwagilia alivyoweza. Siku moja akamwonyesha picha kwenye simu: yote ilikuwa hai, na mmoja ulikuwa umetoa jani jipya. Dada akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaiondoa barakoa ya oksijeni mdomoni.

"Kumbe ingewezekana," alisema. Akageukia ukutani, akalia.

Alifariki tarehe 2 Machi 2024 asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, na sisi wadogo zake wawili. Mtoto hakuacha, wake alimzika mwenyewe, na leo tunamlaza ubavuni pake. Mungu ampe pumziko jema, dada yetu.