Theluthi ya Miza

Bismillahi. Sogeeni wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda, maana sauti niliyobakiwa nayo inafika hapo tu, na pumzi hii nimeiweka akiba tangu alfajiri kwa ajili ya maneno haya. Hamood, kaa mkono wangu wa kulia, wewe ndiye mkubwa. Shahad, niinulie mto kidogo. Ee, hapo hapo, Mungu akulipe. Mundhir, binamu yangu, usikae mlangoni kama mgeni, ingia. Sheikh Abdala na Muhidini nimewaita wawe mashahidi, ili kesho asije mtu akasema mzee Abdullatif alikuwa akiweweseka. Siweweseki. Ninaumwa kifua, akili ninayo.

Mali yangu mnaijua: duka la vifaa vya ujenzi, shamba la minazi la Kaole, na nyumba hii ya mawe pamoja na bohari yake ya nyuma. Mtagawana kama Kitabu kilivyoagiza, Sheikh atawasimamia, na hilo halina mjadala. Ninalotaka kulisema ni lile ambalo sheria imeniachia mwenyewe. Mtu anaruhusiwa kuusia theluthi ya mali yake kwa asiyemrithi, na dada yangu Miza, kwa kuwa nina mtoto wa kiume, hanirithi. Basi nimeusia bohari, na ua ulio mbele yake mpaka kisimani, viwe vyake. Sheikh amepima, havivuki theluthi.

Najua, Hamood, umeleta mtu wa hoteli. Nilimsikia juu akipima vyumba kwa hatua, na nimeambiwa hainunui nyumba bila bohari. Sikugombezi. Uliondoka kwenda Maskati ukiwa barobaro, tangu hapo shangazi yako kwako alikuwa jina la kwenye redio tu, na yale machache uliyoyasikia barazani uliyasikia kwa watu waliosema ni mwanamke aliyeiaibisha nyumba. Kwa hiyo leo nitakwambia shangazi yako ni nani. Yupo hapo miguuni pangu, ananitazama usoni, na mimi nitamsifu mbele yake bila haya, kwa sababu sitapata siku nyingine.

Baba yetu alifariki Miza akiwa bado ananyonya, na mimi nimeshaoa. Kwa hiyo ni dada yangu kwa damu na mwanangu kwa malezi. Tangu anaanza kutambaa alikuwa hasikii kitu akakiacha kipite. Cherehani ya mama ikilia, yeye anagonga sinia kuifuata, na mama akipunguza mwendo, naye anapunguza. Dufu alijifunza madrasa. Udi wa baba uliokuwa ukining'inia ukutani aliuteremsha mwenyewe, akazikaza nyuzi mpaka zikakubaliana, na hakuna mtu aliyemwonyesha. Wasichana wenzake waliposoma kasida, yeye ndiye aliyewapanga sauti, hii juu, hii chini, mpaka mwalimu akamwachia kazi hiyo yote.

Siku moja nimekwenda Dar kuchukua mali ya duka, nikamkuta Mgoa mmoja aliyekuwa akipiga muziki mahotelini, anahama nchi na anauza vyombo vyake. Nikanunua gita la umeme na spika yake. Nilipofika, mama yenu Saida, Mungu amrehemu, aliniuliza: "Umemletea nini mtoto wa kike?" Nikamwambia: "Nimemletea kelele." Akacheka, akasema: "Basi na iwe kelele nzuri." Miza ni mtu wa mkono wa kushoto, na gita lilikuwa la mkono wa kulia, akaligeuza juu chini akalipiga hivyo hivyo, na mpaka leo analipiga hivyo hivyo, hata waliokuja na makamera kutoka mbali walishangaa wakimtazama vidole.

Muhidini huyu mnayemwona hapa, mtoto wa wakulima wa Fukayosi, alikuwa akileta mananasi mjini kwa baiskeli. Akapita kichochoroni, akasikia gita, akaegemeza baiskeli ukutani, akaingia uani bila hodi, akachukua debe la kutekea maji akaanza kumfuata. Nilitoka kumfukuza. Miza akaniambia: "Kaka, usimfukuze, huyu ndiye niliyekuwa namtafuta." Walikuwa hawajaonana hata siku moja. Mananasi yaliharibika kwa jua, na Muhidini sidhani kama alipata kuyauza tena kwa moyo wote. Usitikise kichwa, Muhidini, si kweli?

Wakaenda Dar, wakapata wenzao wawili, wakaunda kundi wakaliita Kokoto. Wakati ule vijana wa mjini walikuwa ndio wanaanza hip-hop, na wengi walighani kwa Kiingereza cha kuigiza, maneno ambayo wenyewe hawakuyajua maana. Roki ilikuwa ya watu wachache wenye kanda za nje. Shangazi yako alichukua vile alivyofundishwa kupanga vina na mizani madrasa, akaviweka juu ya gita linalonguruma, akachana mistari kwa Kiswahili hiki hiki tunachosalimiana nacho. Alivaa kilemba na suruali pana, na mikono yake ilifunikwa mpaka vifundoni. Mara ya kwanza walimzomea. Mara ya pili walimzomea pia. Aliniambia kwa simu: "Kaka, leo wamenizomea kwa kufuata mdundo." Alifurahi kwelikweli, akasema tayari wamenasa.

Lililomtoa lilikuwa Msata. Walikuwa wanakwenda Tanga kupiga kwenye tamasha, gari yao ikavunjika springi pale Msata, njia zinapokutana. Jua la mchana, malori yamepanga foleni, madereva wamechoka, akina mama wanauza mahindi. Wenzake wakaanza kulaumiana. Miza akaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma akamwomba umeme wa jenereta yake, akaunganisha spika, Muhidini akapanga rimu tatu za lori na mtungi wa gesi uliokwisha, na wakaanza. Hawakuwa na wimbo wa mahali kama pale, kwa hiyo akautunga palepale huku anaupiga:

Njia zote zina wenyewe, ya kwangu bado naichonga,
Dereva usinipigie honi, mawe yangu nayagonga.

Madereva walishuka kwenye malori. Waliokuwa na safari hawakuondoka. Tanga hawakufika, na lile tamasha hakuna anayelikumbuka, lakini wimbo ule uliondoka na malori: ukaenda Arusha, ukaenda Mwanza, ukavuka mpaka, watu wanauimba kabla haujarekodiwa. Mwenye studio mmoja Dar ndiye aliyemtafuta yeye. Akamkalisha, akamwambia: "Dada, chagua, roki au rap. Dukani sina rafu ya vitu viwili." Shangazi yako akamjibu: "Basi gonga rafu nyingine." Akasimama akatoka. Yule bwana alimfuata mpaka barabarani, kaseti ikatoka kama alivyotaka Miza, nyimbo zote mchanganyiko, na gita, besi, dufu na udi vyote kavipiga mwenyewe, kamwachia Muhidini dramu tu.

Subirini. Shahad, maji. Alhamdulillahi.

Baada ya hapo nchi nzima ilimjua. Alipiga Nairobi, alipiga Unguja, alipiga Ulaya mbele ya umati ambao mimi niliuona kwenye televisheni nikamtafuta yeye katikati, mdogo kama punje, na sauti imejaa uwanja mzima. Alitengeneza muziki wa filamu. Alirekodi vijana wasiojulikana, akawaacha wawe wakubwa, na hakuna aliyemsikia akisema yule nilimtoa mimi. Na kila mfungo wa Ramadhani alirudi hapa, akavaa dera, akakaa jikoni na Saida kukanda unga kama vile hakuna jambo lililotokea duniani.

Sasa, Mundhir, nitalisema lile lako, na umeniruhusu nilisemee. Mama yetu alipofariki, Miza alitoka Dar akaja mbio. Mimi nilikuwa makaburini nasimamia uchimbaji. Mundhir akasimama kwenye mlango huu wa mbele akamwambia: "Mpiga gita haingii kwenye maiti ya mamangu mdogo." Hakubishana naye. Niliporudi nilimkuta kichochoroni, amekaa chini vumbini na buibui lake, anamsomea mama yake Yasini kwa moyo. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani, akamuaga mama. Lakini tangu siku ile Mundhir hakumwamkia, na salamu zake hakuziitikia, miaka kwa miaka.

Na miaka ile ndiyo aliyopoteza Miza masikio. Ilianza kwa mluzi usiokatika, halafu sikio la kushoto likafunga, halafu la kulia likafifia, nalo likazima. Daktari akamwambia ni kelele za spika, na sauti zilizokwenda hazirudi. Nikadhani huo ndio mwisho wake. Nilipokwenda kumwona Dar nilimkuta amevua viatu, amesimama juu ya sakafu ya mbao, anamwambia Muhidini: "Piga tena." Anausikiliza mdundo kwa nyayo. Alitoa kaseti, sijui sasa wanaiita nini, alitoa kazi nzima kwa namna ile, na waliosikia walisema ndiyo bora kuliko zote. Niliwahi kumwuliza kama anasikitika. Akasema: "Kaka, ninaisikitikia sauti yako tu. Muziki ninao."

Akarudi Bagamoyo. Akaniomba bohari, iliyokuwa inakaa magunia ya chumvi na popo. Akaisafisha, akatandika mbao chini, na vijana wakaanza kuja, wa hapa mjini, wa Kaole, wa Fukayosi, wasichana wengi kuliko wavulana. Anawafundisha udi na gita, anawafundisha kutunga, na akiona kijana anachana maneno machafu kwa kuwa hana la kusema, anamrudisha akasome kwanza. Sheikh, wewe uliniambia waziwazi hupendi gita. Uliniambia pia kwamba haki ya mtu ni haki yake, na ndiyo maana nimekuita wewe na si mwingine.

Ndipo Mundhir akapatwa na kiharusi. Upande mmoja ukalala na ulimi ukafunga. Alilala wiki kwa wiki akitutazama, anataka kusema, hawezi, machozi yanamtoka kwa hasira. Hospitali wakamrudisha nyumbani. Miza alikwenda kwake bila kuitwa na mtu. Shahad, wewe ulikuwepo, uliona. Akaketi pembeni ya kitanda, akagonga ubao wa kitanda kwa kidole, akaanza kuimba kasida waliyofundishwa wote wawili madrasa. Na Mundhir, ambaye hawezi kuomba hata maji, akafungua kinywa akaimba naye, maneno yote, yamenyooka. Miza hakushangaa, akasema maneno ya kuimba yana chumba chake. Kesho yake akabadilisha maneno, sauti ni ileile ya kasida, lakini sasa inasema naomba maji, naomba uji, niinueni niketi. Kila siku, anagonga, anaimba, naye anamfuata. Mtu asiyesikia anamfundisha mtu asiyesema! Na neno lako la kwanza, Mundhir, ulilolitamka bila kuimbiwa, unalikumbuka? Ulimwambia: "Umechelewa." Na kweli alikuwa amechelewa, mvua ilimshika njiani kutoka Kaole. Hakulisikia, alilisoma midomoni mwako, na alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na wewe ukacheka naye kwa upande mmoja wa uso. Huo ndio msamaha mliopeana, na sitaki mtu auchokonoe tena nikishaondoka.

Basi huyo ndiye mwanamke aliyeiaibisha nyumba.

Pumzi inanipungua. Sikilizeni ya mwisho.

Nizikeni kabla ya magharibi, kando ya Saida, na msinijengee kaburi. Arubaini fanyeni ndogo, chakula kingi wapelekeeni watu wa Fukayosi, hawajawahi kututupa. Shahad, duka uliendeshe wewe, unalijua kuliko mwenzako, na fungu la Hamood usilicheleweshe. Matanga ni siku tatu. Ya nne... ya nne bohari ifunguliwe, vijana waingie, wapige. Asiwaambie mtu kuna msiba.

Muhidini, umekuwa ndugu. Usimwache peke yake jukwaani.

Mwenyezi Mungu awakunjulie vifua, wanangu. Awape kizazi chenye kusikilizana. Asiwafanye... asiwafanye mkutane mahakamani kwa ajili ya mawe haya. Radhi zangu mnazo, zote, mbele na nyuma. Semeni amin.

Hamood. Bado wewe. Sheria haihitaji ruhusa yako, theluthi ni yangu. Lakini ukishirikiana na yule mtu wa hoteli utamchosha shangazi yako, utamzibia njia ya uani, utamkatia umeme, na yeye hatagombana, ataondoka tu kama alivyokaa kichochoroni siku ile. Kwa hiyo nakuuliza... moyo wako, si sheria. Bohari ni yake?

Sema tena, sijakupata.

Umeridhia. Alhamdulillahi. Nimesikia, baba, nimesikia... Lakini usiniambie mimi. Mimi naondoka. Mgeukie shangazi yako. Inua uso, mwanangu... sema polepole... aione midomo yako.