Kichwa cha Dada Yake Kalamu

Benchi letu lilikuwa nyuma ya duka la Mwarabu, hapa Bariadi, na birika la kahawa lilikuwa langu, mwanamke peke yangu pale, kwa hiyo upuuzi wote wa wanaume ulichemka kwa makaa yangu. Asubuhi moja ya mwaka hamsini na sita, Kwandu, dada yake Anatoli, alitoka nyumbani alfajiri asionekane tena. Mwaka wa pili huo alikuwa anasahau: chumvi, majina, njia ya kisimani. Kaka mtu yuko kwangu anakunywa kahawa. Tulimwita Kalamu, maana alisoma misheni akawa karani wa mizani ya pamba. Pembeni yake Sayi, fundi wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba.

— Huendi kumtafuta? nikamuuliza Kalamu.

— Vijana wameenda, mayu. Kichwa cha mwanamke ndivyo kilivyo. Kinaisha mapema.

— Ni mitungi hiyo, Sayi akasema. Miaka hamsini ya maji utosini! Ubongo unashindiliwa kama robota la pamba.

— Ukifunguliwa utapewa daraja la kwanza, kama pamba safi? nikamuuliza.

— Acha utani. Halafu uzazi. Kila mtoto anatoka na kipande cha akili ya mama yake. Kwandu kazaa tisa.

— Mama yako alipokuzaa wewe hakupungukiwa kitu.

Kalamu akakohoa, kama anavyokohoa akitaka kuhutubia.

— Tofauti ni kitabu. Mimi namzidi miaka mitatu na bado niko timamu.

— Kanzu umeivaa ndani nje.

— Hayo ni macho. Kichwa kilichosoma kimepigwa plasta, mvua haiingii. Cha Kwandu kilibaki udongo mtupu.

— Wakati wewe unapigwa plasta, mtama nyumbani alisaga nani?

— Yeye. Ulitaka nisage mimi?

Sayi akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

Ndipo akatokea Mwalimu Constantine wa shule ya misheni, mgeni bado, hana hata mwezi hapa.

— Mwangaluka, wazee. Kuna bibi darasani kwangu tangu kengele ya kwanza. Kakaa mbele na watoto, hataki kutoka. Anasema ni Kwandu.

Kalamu akasimama.

— Mungu mkubwa! Mtoe tu, mwalimu. Hajui anachofanya.

— Anasema baba yake alimwambia asubiri. Kaka akishamaliza shule, itakuwa zamu yake ya kusoma. Kanituma niulize.

— Uulize nini?

— Kaka yake amemaliza?

Sayi akainama. Kalamu akaketi tena. Mwalimu alikuwa bado amesimama, anangoja jibu la kumpelekea.