Ditram Alfred Chilongola, Fundi Aliyeifuata Baridi

Waombolezaji wenzetu, mliotoka Msowero, Ruhembe na hapa Mikumi, familia inaomba masikio yenu kwa muda mfupi, tumsindikize ndugu yetu kwa kuyataja maisha yake.

Marehemu Ditram Alfred Chilongola alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 kijijini Mvumi, wilayani Kilosa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Alfred na mama Magdalena, akasoma shule ya msingi hapo hapo Mvumi kuanzia 1979 hadi 1985, ambako aliifungua redio ya baba yake ili amwone anayesema ndani, akachapwa, na kesho yake akaifungua tena. Mwaka 1990 alihitimu ufundi umeme Morogoro, akafanya kazi kwenye mashamba ya miwa Ruhembe, na tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa takatifu na Bi. Yusta, wakajaliwa watoto wawili, Nickson na Brightness.

Mwaka 2008 alihamia hapa Mikumi akawa fundi wa umeme wa jua, na kama mafundi wote wa huku alizilaza paneli juu ya bati, zikabanwa barabara, kwa sababu ukiacha upenyo nyani huingiza mkono na kung'oa nyaya. Ndivyo alivyofunga paneli za friji ya chanjo kwenye zahanati ya kitongoji cha wafugaji, na friji hiyo ikamtesa, kwani kila msimu wa joto, jua likiwaka kuliko siku zote, ndipo ilipozidiwa, chanjo zikaharibika, na akina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni wakarudi hivi hivi. Ikaamuliwa kwamba ikizima msimu mmoja zaidi, friji ihamishiwe Kilosa mjini. Marehemu alibadilisha betri, akabadilisha nyaya, akakosa usingizi, jua limejaa tele na umeme haba, jambo gani hili?

Aprili 2017 alipata kazi ya kufunga paneli kwenye nyumba ya wapanda mlima, juu kabisa Kilimanjaro, theluji pande zote, naye mzoefu wa joto la Kilosa akitetemeka ndani ya makoti mawili. Alitarajia umeme kiduchu, lakini mita ilionyesha mwingi kuliko aliowahi kuuona Mikumi. Theluji ilipozifunika paneli zikafa kabisa, alipoifagia zikaamka, tena nguvu ikazidi ya jana yake, kwa kuwa weupe wa theluji iliyobaki chini nao ulizirudishia mwanga. Alimpigia simu mkewe akishangilia kwamba paneli inataka mwanga, joto haitaki, na Bi. Yusta, ambaye hadi leo hucheka akisimulia, alimsihi ashuke upesi, akidhani ugonjwa wa mlima umemwingia kichwani.

Alishuka, na jibu mkononi. Alizinyanyua paneli za zahanati kiasi cha shubiri kutoka kwenye bati, upepo upite chini yake uzipoze, na pembeni akazungushia wavu wa kuku ili nyani abaki akichungulia tu. Wenzake walimtania kwamba amezijengea paneli banda, naye akausubiri msimu wa joto kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Joto likaja, friji haikuzima, na haijahamishwa hadi leo.

Marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu Februari 2025, akatibiwa hapa Mikumi na baadaye Morogoro, ambako, akiwa kwenye mashine ya oksijeni, alimwuliza daktari inakula umeme kiasi gani. Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2025, Bi. Yusta akiwa amemshika mkono. Inatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, na mafundi wenzake. Tunamshukuru pia mama Naisula, mfugaji, ambaye zamani alirudi na mwanawe bila chanjo. Jana vijana, kwa haraka ya msiba, waliilaza paneli ya spika hizi juu ya bati la jiko, naye akapanda ngazi mwenyewe, akaingiza matofali chini yake, akasema fundi hawezi kulala huku paneli inaungua. Sauti mnayoisikia inatoka huko.

Ditram, upepo unapita. Pumzika kwa amani.