Mzee Tochi na Kadi Yake ya Mwisho

Tarehe 30 Juni mkaguzi wetu mkuu, mhandisi wa ndege kwa miaka thelathini na mmoja katika karakana hii, anastaafu. Kwa hesabu za ofisi alikuwa amebakiza miaka mitatu. Waandaaji wa jarida wameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, ila wasinilaumu nikishindwa.

Wengi mnamjua kwa jina la Mzee Tochi, kwa sababu ya tochi aliyoivaa shingoni kwa kamba tangu siku zake za ufundi wa magurudumu. Alisoma huku analea, akapanda hadi ikawa bila saini yake ndege haitoki. Kabla ya kusaini alijiuliza kwa sauti, hata mbele ya wageni: "Wanangu wangepanda hii?" Jibu likimkwama, ndege ililala hapahapa, meneja apende asipende. Marubani walinuna, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba ndege yake ikaguliwe na mwingine.

Wanawe ni mabinti watatu, na habari zao tunazijua kuliko za majumbani kwetu. Mwaka ambao mama yao alilazwa miezi miwili, yeye ndiye aliyewasuka. Mkono uliozoea kusokota waya wa kufungia nati za injini haukujua upole. Watoto walikwenda shule nyusi zimevutwa juu, hadi mwalimu akauliza kama nyumbani kuna amani. Mwenyewe alijisifu kwamba wiki mbili nzima hakuna msuko uliolegea.

Mwaka jana tochi zake zilianza kukua. Ya kwanza ilienea mfukoni. Ya tatu ilikuwa kubwa kama chupa ya chai. Tulimcheka. Mimi, msaidizi wake, nilicheka kuliko wote, nikamuuliza kama anakagua ndege au anawinda nyoka. Naye akacheka. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Mwezi wa pili mwaka huu aliidhinisha ndege ya abiria sitini na wawili, iruke kesho yake. Nilikuwa nafuta mafuta pale bawa la kushoto linapoungana na mwili wa ndege, nikaona ufa, urefu wake kama ukucha. Nilimwita. Nikamulika, akatazama, akatazama tena, hakuuona. Nikashika kidole chake nikakiweka juu ya ufa. Hapo akaujua. Ndege tuliizuia palepale. Kisha nikamwambia tuandike kwamba tumeuona pamoja, yaishe. Alijifuta mafuta kidoleni, akaondoka.

Hapa kwetu kifaa kibovu hufungwa kadi nyekundu yenye saini mbili: ya aliyeripoti hitilafu na ya shahidi. Asubuhi iliyofuata aliniletea kadi. Penye kifaa alikuwa ameandika: "Macho ya mkaguzi mkuu." Penye hitilafu: "Hayaoni vizuri. Amejua kwa miezi saba, akanyamaza." Hata mkewe hakuwa amemwambia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliamua kujiumbua mwenyewe. Nafasi ya shahidi ilikuwa tupu, ikinisubiri mimi.

Nilikataa siku mbili. Baba yangu mzazi sikumjua; huyu ndiye aliyenifundisha kushika spana na kushika neno langu. Siku ya tatu alinikuta stoo, akaniambia taratibu, "Mwanangu, usinionee huruma mimi. Waonee wanaopanda." Nikasaini. Sijawahi kusaini kitu kizito kama kile.

Tulizikagua upya ndege kumi na moja alizosaini katika miezi hiyo. Hatukupata ufa mwingine. Hilo halikumtuliza.

Daktari amesema mishipa ya macho inakufa kidogo kidogo na dawa hakuna. Mwaka ukiisha itakuwa giza tupu. Kitinda mimba wake anatarajia kujifungua Desemba, na hakuna anayejua kipi kitatangulia. Kila Jumapili Mzee anawakalisha dirishani mmoja mmoja, mkewe kwanza, kisha mabinti, anazikagua nyuso zao kutoka juu kwenda chini, bila haraka. Mkewe ndiye aliyenisimulia.

Kadi ya macho yake ingali imetundikwa kwenye ubao wa karakana. Kwa utaratibu wetu huondolewa kifaa kikishatengemaa, kwa hiyo itakaa.

Mzee Tochi, asante kwa miaka yote, na asante kwa kadi ile, ingawa iliniuma na bado inaniuma. Mjukuu afike salama mikononi mwako. Mikono hiyo haijawahi kupitwa na ufa. Sisi wa karakana tunakutakia maisha mema, wewe na nyumba yako yote.

Najua jarida hili atasomewa na mkewe. Mama, ukifika hapa, mwambie ndege iliyoruka leo nimeikagua mimi, mara mbili, kwa macho na kwa kidole. Swali lake nimeliuliza kwa sauti, mafundi wote wakisikia. Mwambie wanawe wangepanda.